Nikifumba macho kuomba, sisikii kitu

Shikamoo Mama. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina miaka 34, nimeolewa na tuna watoto wawili. Mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Tunduma na mara nyingine anavuka hadi Lubumbashi, kwa hiyo nyumbani tunamwona kwa msimu.

Niliokoka nikiwa binti, kwenye mkutano wa injili wa uwanjani. Miaka ile ya mwanzo, Mama, sifa zikianza tu machozi yananitoka. Nikisoma Neno naona limeandikwa kwa ajili yangu, nikiomba nasikia joto mwili mzima, nikitembea barabarani naimba peke yangu hadi watu wananiangalia. Sasa hivi ni kama umeme umekatika. Imepita zaidi ya mwaka. Naomba, lakini maneno yanaishia kwenye bati. Nimehudhuria mikesha ya Ijumaa, nimefunga, nimejilazimisha kuamka saa tisa usiku kama tunavyofundishwa, mwisho wake nasinzia magotini na asubuhi nakata vitambaa vya watu vibaya. Juzi nimeharibu gauni la sendofu, shingo imekwenda upande, ikabidi ninunue kitambaa kingine kwa hela yangu.

Kuna dada tunayesali naye, yeye hakosi ushuhuda. Mungu amemwambia hivi, amemwonyesha vile, hata rangi ya kitenge cha kununua ameonyeshwa. Namsikiliza namwonea wivu, halafu naona aibu kwa kumwonea wivu.

Nilimwendea mtumishi mmoja. Akaniwekea mikono kichwani, akasema kuna madhabahu ya ukoo imenifunga, nitoe sadaka maalumu ya ukombozi ndipo mbingu zifunguke. Kiasi alichotaja ni kikubwa, sina. Na hela yenyewe siku hizi ngumu, kuna mkopo nilichukua wa kununulia mashine ya ovaloki, hii mikopo ya kausha damu, kila Jumatatu wanakuja dukani kudai rejesho, na baba watoto sijamwambia, ila hilo nitalimaliza mwenyewe.

Ninachotaka kujua ni hiki: Mungu ameniacha? Kama hajaniacha, nifanye nini nirudi kama zamani? Na pia naimba kwaya, sauti ya pili. Si unafiki kusimama mbele ya watu wakati ndani sisikii kitu? Niache?

Fundi, Morogoro

*

Marahaba mwanangu, na Amina.

Hajakuacha. Ningeweza kuishia hapo, lakini nadhani jibu hilo umeshapewa na wengi mkiwa mnaagana mlangoni mwa kanisa, na bado umeandika barua. Basi tukae kidogo.

Nianze na usingizi. Mtu anayeshinda kwenye cherehani, jioni anapikia watoto, usiku anaamka saa tisa, Ijumaa anakesha, na katikati ya hayo anafunga, akisinzia magotini hajafungwa na madhabahu yoyote. Amechoka. Fungua 1 Wafalme 19 umsome Eliya polepole. Sura iliyotangulia amesimama mlima Karmeli, ameomba, moto umeshuka mbele ya taifa zima. Kama kuna mtu aliyewahi kupata ibada ya "pokea moto", ni yeye. Kisha Yezebeli anatuma ujumbe kwamba atamwua, na nabii yuleyule anakimbilia jangwani, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe.

Sasa angalia alivyojibiwa. Hakuulizwa imani yake imekwenda wapi. Hakuambiwa aongeze maombi. Aliachwa alale, halafu malaika akamgusa: inuka, ule. Kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, na bado habari ni ileile ya kula, maana safari ni ndefu. Mazungumzo kuhusu kazi yake na hofu yake yalikuja baadaye kabisa, baada ya mwendo wa siku 40 hadi Horebu. Mimi nikifika pale huwa nakaa muda mrefu, kwa sababu sisi watu wa makanisa tungemwanzia Eliya kwa kumkemea.

Kwa hiyo ile saa tisa ya usiku iache kwa sasa. Mkesha pia. Lala mpaka mwili ushibe. Kuna atakayesema umepoa. Mwambie kuna mama mmoja amekuagiza ulale.

Na kabla sijaendelea: kama ukavu huu hauko kwenye maombi tu, kama hata watoto hawakufurahishi tena, chakula hakipiti, usingizi hauji hata ukiupa nafasi, au mawazo ya kutotaka kuishi yanakupitia, nenda hospitali umwone daktari na umweleze hivyohivyo bila kupunguza. Sonona ni ugonjwa, unatibika, na kumeza dawa zake si kukosa imani.

Turudi Horebu. Ukapita upepo wa kupasua miamba, Bwana hakuwamo. Likapita tetemeko, hakuwamo. Ukapita moto, hakuwamo. Baada ya moto ikaja sauti ndogo, ya utulivu, na ni hapo tu Eliya alipojifunika uso kwa vazi lake akatoka kusimama mlangoni mwa pango. Moto alishauzoea. Utulivu ndio uliomtoa nje.

Wengi wetu tumelelewa kwenye mikutano ya spika kubwa na vumbi la uwanjani, na tukajifunza bila kuambiwa kwamba Mungu akifika lazima mwili upate habari. Sina ugomvi na mikutano hiyo. Wewe umeokokea hapo na wokovu wako ni halali. Ninachokataa ni kuichukua hali ya siku ile na kuifanya kipimo cha kila Jumanne mchana, ukiwa na foleni ya sare za shule za kushona. Hisia huja na kuondoka kwa sababu nyingi: umri, uchovu, mwezi, madeni, hata chakula ulichokula. Uwepo wa Mungu haupandi na kushuka pamoja nazo.

Nakupa Zaburi ya 131. Ni fupi, ina aya tatu tu, utaimaliza pasi haijapata moto. Katikati yake mtu anasema ameituliza nafsi yake kama mtoto aliyeachishwa kifuani mwa mama yake. Wewe umelea wawili, kwa hiyo hili unalijua kuliko wahubiri wengi wanaume. Mtoto anayenyonya ukimpakata anatafuta ziwa. Harufu yako tu inatosha kumfanya afungue mdomo, na akikosa, nyumba nzima itajua. Wiki za kumwachisha ndizo ngumu: umepaka shubiri, ameonja, amekunja uso, analia usiku akikutazama kama mtu aliyemsaliti. Hajui kwamba hujaondoka. Mko kitanda kimoja, mkono wako uko mgongoni kwake, ila kile alichozoea kupata hakipo. Kisha siku moja anakuja mwenyewe, anapanda mapajani, anaegemea kifua hichohicho, na hatafuti kitu. Amekuja kukaa na mama yake. Daudi anasema nafsi yake imefika hapo.

Nadhani wewe uko kwenye zile wiki za shubiri.

Kwa hiyo unaponiuliza ufanye nini urudi kama zamani, nitakujibu kwa ukweli kwamba sikuombei urudi. Furaha inaweza kukujia tena, na ikija ipokee, lakini machozi ya ubinti yalikuwa mana ya wakati ule. Soma Kutoka 16. Kila mtu alikusanya pishi yake kwa siku, na waliobakiza hadi asubuhi walikuta mabuu na uvundo. Chakula chenyewe kilikuwa kizuri na kilitoka kwa Mungu. Kilikuwa cha jana tu. Nikisoma barua yako naona umekuwa ukirudi kwenye chungu cha zamani kila siku, unafunua, unakuta harufu, unalia. Yesu naye alipofundisha kuomba alisema "utupe leo riziki yetu". Hakututuma tuombe ya mwaka, na hakutuambia tuishi kwa ya mwaka juzi.

Sasa riziki ya leo inaokotwaje na mtu mwenye kazi kama yako? Hapa nina mtu wa kukutajia. Mwaka 1640 mwanamume mmoja mzaliwa wa Lorraine, Nicolas Herman, askari wa zamani aliyeumia mguu vitani, aliingia kwenye nyumba ya watawa Wakarmeli jijini Paris, akaitwa Ndugu Lawrence. Hakuwa padri wala msomi. Walimpa jikoni, kazi ambayo kwa asili yake hakuipenda, akakaa nayo miaka kama 15, na baadaye akahamishiwa kwenye kutengeneza viatu vya wenzake. Alichojizoesha ni kumsemesha Mungu katikati ya masufuria kwa maneno mafupi, bila kubadilisha sauti, mpaka akafika mahali pa kusema kwamba saa ya kazi na saa ya sala kwake hazina tofauti. Wanaomtaja hupenda kuanzia hapo, penye utamu. Wanaruka kwamba yeye mwenyewe aliandika kuwa miaka kama 10 ya mwanzo aliteseka sana rohoni, akijiona hafai. Alizoea kidogo kidogo, akisahau na kurudi, akisahau na kurudi.

Cherehani inakupa nafasi nyingi kuliko jiko lake. Uzi unakatika, unalamba ncha, unafumba jicho moja, unautia sindanoni. Bobini inaisha, unasimama kuijaza. Pasi inapoa, unatoka nje kuipepea mkaa. Kila mara mashine inaponyamaza, sema neno moja na usilipambe. "Bwana, upo." Au, "Baba, mteja huyu amenikera, nisaidie nisimjibu." Au jina lake tu. Kisha kanyaga pedali uendelee. Usikae ukisikiliza kama kuna kilichotokea kifuani. Ukianza kujipima umeshamwacha Mungu na kurudi kwako mwenyewe. Siku ukisahau mpaka jioni, usijichape. Sema jioni.

Usiku, badala ya ile saa nzima ya kupambana, kaa kitandani dakika chache ukumbuke mahali pamoja tu katika siku hiyo uliposhikwa mkono. Mteja aliyelipa bila kukumbushwa. Mtoto aliyepona homa. Hasira iliyofika mdomoni ikarudi. Shukuru kwa hilo kwa jina lake, kisha zima taa. Imani ya kila siku inakua kwa vitu vya ukubwa huo, na mara nyingi mwenyewe huoni. Katika Marko 4 Yesu anasema mpanzi alilala na kuamka, na mbegu ikamea na kukua "asivyojua yeye".

Kuhusu dada mwenye ushuhuda, sina hukumu. Huenda ameonyeshwa kweli. Huenda kitenge alikipenda mwenyewe. Si kesi yako, na wivu wako usiukuze kuwa dhambi ya kukesha nayo. Ukiusikia unakuja, umwambie Mungu "nao huu hapa" na uendelee kusikiliza.

Kuhusu mtumishi, usitoe. Hata ukipata hiyo hela kesho, usitoe. Matendo ya Mitume 8 kuna Simoni aliyeleta fedha akidhani karama ya Mungu inanunuliwa, na Petro alimjibu maneno makali ambayo siku hizi hayasomwi sana. Sadaka ni shukrani ya aliyepokea. Ikigeuzwa kuwa kiingilio, ondoka. Na ukitishiwa laana kwa sababu hukulipa, hapo ndipo ujue hakika kwamba umefanya vizuri kuondoka. Kanisani kwako kuna mchungaji na wazee. Nenda kwa anayekujua wewe na watoto wako.

Sasa nije kwenye sentensi uliyoipitisha haraka, kati ya mtumishi na kwaya. Mkopo. Jumatatu. Baba watoto hajui. "Hilo nitalimaliza mwenyewe."

Sisemi Mungu amenyamaza kwa sababu ya mkopo. Ningesema hivyo ningekuwa sawa na yule wa madhabahu ya ukoo, tofauti ni bei tu. Ninachosema ni kwamba katika barua yako yote, hapo ndipo mahali pekee ambapo hukumkaribisha Mungu. Kila kitu kingine umemletea: ukavu, wivu, kwaya, hata gauni la sendofu. Hili umelifungia kabatini na ufunguo umeuweka wewe. Mtu anayeomba huku ameegemea mlango wa kabati usifunguke, hatatulia, hata Mungu akiwa ameketi naye chumba kimoja.

Wazee wa Uamsho walilijua hili. Ule Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaingia Uganda, Kagera na Kenya, ulikuwa na nyimbo na machozi, ndiyo, lakini kilichoushikilia ni kile walichokiita kutembea nuruni, kutoka 1 Yohana 1:7. Walokole wale walikaa katika vikundi vidogo wakasema waliyoyaficha, wakarudisha vitu walivyoiba, wakamaliza madeni. Sikuambii ukaseme haya mbele ya kikundi. Vikundi vya siku hizi, Mungu atusamehe, vingine vina waya wa moja kwa moja mpaka sokoni. Mwambie mumeo.

Na usimwambie kwa simu akiwa barabarani Tunduma. Ngoja arudi, aoge, ale, alale usiku mmoja. Kisha mweleze ukiwa na karatasi mkononi: ulikopa kiasi gani, umelipa kiasi gani, kimebaki kiasi gani, mashine inaingiza kiasi gani kwa wiki. Uamuzi wako wa kununua ovaloki si wa kipumbavu, ni mtaji. Kilichokosewa ni kuubeba peke yako. Kama una hofu kwamba mkono wake utanyanyuka, usiwe naye peke yako siku hiyo. Zungumza kwanza na mtu mzima anayemheshimu, na awepo.

Karatasi hiyo itakusaidia pia na watu wa Jumatatu. Waombe mkataba kwa maandishi na waonyeshe leseni. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji binafsi anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu. Asiyekuwa nayo ana sababu ya kuongea na wewe kwa upole. Kama hukuelewa mkataba, tafuta msaidizi wa kisheria kwenye kata yako. Usichukue mkopo mwingine wa aina hiyo kulipia huu. Kama uko kwenye VICOBA, heri uombe huko, kwa watu mnaojuana.

Haya yote ni ya kiroho, mwanangu, usidhani nimetoka kwenye mada. Ile sala ya "Bwana, upo" iseme Jumatatu asubuhi ukimwona yule kijana anapaki pikipiki mbele ya duka. Iseme kabla hujamwamsha mumeo kumweleza.

Kwaya usiache. Unafiki ni kuigiza unachotaka watu waamini juu yako. Kuimba maneno ya kweli ukiwa mkavu si kuigiza. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani, hakuna haleluya ya mwishoni, na kichwa chake kinaonyesha ilikabidhiwa mwimbishaji ili iimbwe na watu. Ukifika kwenye mstari ambao leo huwezi kuusema kwa moyo wote, wenzako watausema, na wiki nyingine utausema wewe kwa niaba ya mmoja wao ambaye hujui anapitia nini. Ila kama mazoezi yenu ni ya usiku, mwombe mwalimu wa kwaya akuruhusu uondoke mapema mpaka usingizi wako urudi.